Kila mara yeye alikuwa zamu



Jumanne iliyopita tulimaliza mapema kuhesabu pesa za Muso. Kwa kawaida hapo ndipo kila mtu anafunga kitenge chake na kukimbilia nyumbani kabla ya mvua. Siku hiyo hakuna aliyeondoka. Mama mmoja, ambaye mwezi uliopita alizika mtoto wa wiki mbili, alisimama akasema jambo ambalo wengi walikuwa wakinong'onezana sokoni: kwamba katika kituo cha afya cha upande wetu watoto wachanga watano wamekufa tangu mvua zianze, na wanne kati yao wamekufa usiku ambao muuguzi mmoja, yuleyule, alikuwa zamu.

Kelele ikajaa nyumba. Mmoja akasema yule muuguzi ana roho mbaya, hata salamu haitikii. Mwingine akakumbuka kwamba aliwahi kumwona akicheka siku ya kilio. Wa tatu akasema vijana wa kartie wanajua anapolala. Hapo nikaogopa. Wote tunajua, katika mkoa huu wetu, ni nini kinachofuata neno kama hilo. Kuna mabibi waliochomewa nyumba kwa sababu mtoto wa jirani alikufa na mtu akauliza ni nani alipita njia ile jioni.

Niliomba neno, nikawasimulia habari ya mwanamke mmoja wa Uholanzi anayeitwa Lucia de Berk. Mdogo wangu aliye Ubelgiji ndiye aliyenisimulia mara ya kwanza, baada ya kuona filamu iliyotolewa mwaka 2014 juu ya kesi yake, na tangu hapo nimeifuatilia. Wale ambao hawakuwapo Jumanne wameniomba niiandike hapa, na wale waliokuwapo wanasema nilisimulia haraka mno. Basi naanza upya.

Lucia alikuwa muuguzi katika hospitali ya watoto ya Juliana, mjini The Hague. Ni mji uleule tunaouita La Haye, ambao Wakongo tunaujua kwa sababu ya kesi za Lubanga, Katanga na Bemba. Lakini yeye hakupelekwa mbele ya mahakama ya kimataifa. Alihukumiwa na mahakama za kawaida za nchi yake.

Tarehe 4 Septemba 2001 mtoto mchanga, aliyekuwa mgonjwa sana, alikufa katika idara aliyofanya kazi Lucia. Kwanza waganga walikiona kuwa kifo cha kawaida cha mtoto mgonjwa. Kisha neno likatoka kwa wafanyakazi wenzake: mbona Lucia yupo mara nyingi mno mambo mabaya yanapotokea? Wakubwa wa hospitali wakafungua madaftari ya nyuma. Walitafuta vifo, na pia watoto waliozidiwa ghafla wakaokolewa, na kuangalia ni nani alikuwa zamu. Hospitali nyingine ambamo aliwahi kufanya kazi nazo zikaulizwa. Mwezi wa Desemba 2001 akakamatwa.

Tazameni vizuri hapo, maana ndipo shida yote ilipoanzia. Hawakukuta kwanza mtoto aliyeuawa kisha wakamtafuta muuaji. Walikuwa na mtu kwanza, kisha wakatafuta vifo vya kumwekea. Mtoto aliyezidiwa usiku ambao Lucia yupo, tukio lake liliitwa la mashaka. Mtoto aliyezidiwa usiku ambao Lucia hayupo, hakuna aliyesumbuka kulitazama tukio lake mara ya pili. Ukihesabu namna hiyo, ni lazima mtu wako aonekane yupo kila mara.

Hakuna aliyemwona akimchoma mtu sindano mbaya. Hakukiri hata siku moja, tangu mwanzo mpaka mwisho. Ushahidi wote ulikuwa ule ambao wanasheria wanauita ushahidi wa mazingira: jambo hili linawekwa juu ya lile, na lile juu ya lingine, mpaka rundo linaonekana kubwa. Sisemi kwamba ushahidi wa namna hiyo haufai kamwe. Ukikuta kuku wako hayupo na manyoya yako mlangoni pa jirani, una haki ya kuuliza. Lakini lazima kwanza ujue kwamba manyoya ni ya kuku wako, na kwamba kuku ameibwa kweli na hakuondoka mwenyewe.

Katika kesi ya Lucia, jambo lililowashtua watu kuliko yote lilikuwa namba. Mtaalamu mmoja wa hesabu aliiambia mahakama kwamba nafasi ya muuguzi asiye na kosa kukutwa na matukio mengi vile kwa bahati tu ni 1 kwa milioni 342. Kongo yetu nzima haifiki hata nusu ya watu milioni 342. Ukisikia namba kama hiyo, ungebaki na shaka gani tena? Machi 2003 mahakama ya The Hague ilimhukumu kifungo cha maisha kwa kuua watu wanne na kujaribu kuua wengine watatu. Alikata rufaa. Juni 2004 mahakama ya rufaa ikaongeza: sasa ni watu saba aliowaua na watatu aliojaribu kuua. Waamuzi wa rufaa walisema hawakutegemea ile namba. Lakini namba ilikuwa imekwisha kuingia masikioni mwa nchi nzima, na waganga waliotoa ushahidi walijua tayari kwamba wanaulizwa juu ya muuguzi muuaji.

Baadaye wataalamu wengine wa hesabu, mmoja wao profesa Richard Gill, waliichukua ile namba na kuifungua kama mama anavyofungua mshono mbaya. Walikuta kwamba mtaalamu wa kwanza alichukua hesabu ya kila idara ambamo Lucia alifanya kazi, akazizidisha moja kwa nyingine. Kwa njia hiyo, muuguzi yeyote aliyebadilisha mahali pa kazi mara nyingi ataonekana muuaji zaidi kuliko yule aliyekaa mahali pamoja, hata kama hawakufanya kosa lolote wote wawili. Tena, wauguzi hawafanani: kuna anayependa zamu za usiku, kuna anayepewa wagonjwa wazito kwa sababu ana mkono mzuri. Walipoyaingiza mambo hayo katika hesabu, namba ikashuka kutoka 1 kwa milioni 342 mpaka kama 1 kwa 25.

Jumanne niliwaeleza kwa mfano wa likelemba. Tuko 20, tunapiga kura nani atakula wa kwanza. Nafasi ya kila mmoja ni 1 kwa 20, ni ndogo. Kura ikimwangukia Mama Fulani, je, kuna atakayesimama na kusema, nafasi yako ilikuwa ndogo, basi umeiba? Hapana, kwa sababu ni lazima ingemwangukia mtu. Na katika nchi yenye maelfu ya wauguzi, wanaofanya kazi usiku na mchana mwaka hadi mwaka, kuna wale ambao usiku mbaya utawaangukia mara nyingi. Swali la kuuliza ni jingine: je, kuna alama nyingine yoyote kwamba kura ilichezewa?

Sasa nawapa hesabu ambayo ingepaswa kuwa ya kwanza kabisa kuwekwa mbele ya waamuzi. Katika miaka mitatu kabla Lucia hajaanza kazi katika ile idara, walikufa watoto 7. Katika miaka mitatu aliyofanya kazi pale, walikufa 6. Somo namba hizo tena. Mwanamke anahukumiwa maisha kwa kuua watoto katika idara ambayo, alipofika yeye, vifo havikuongezeka.

Basi namba peke yake haikutosha. Wakaja na mengine. Walikuta daftari lake la siri. Siku ambayo mgonjwa mmoja alikufa, bibi mzee mwenye kansa iliyofika mwisho, Lucia alikuwa ameandika kwamba ameshindwa tena kujizuia na ile tamaa yake. Tamaa gani? Mwendesha mashtaka akasema ya kuua. Lucia akasema ya kuwatazamia wagonjwa karata za bahati, jambo ambalo alilionea haya. Waamuzi hawakumsadiki. Mimi najiuliza: kama mtu angechukua daftari la yeyote kati yetu, au jumbe tulizoandika usiku wa hasira, akazisoma kwa sauti mbele ya mahakama, nani angerudi nyumbani? Walichimba na maisha yake ya ujana, wakamweka mezani vipande vipande.

Kisha kulikuwa na sumu. Katika damu ya yule mtoto wa Septemba walipima dawa ya moyo inayoitwa digoksini, wakasema ni nyingi mno, basi alipewa kwa siri. Hili lilikuwa jiwe la msingi la nyumba yote. Mahakama ilifuata njia ya mnyororo: mauaji machache yakishathibitishwa vizuri, mengine hayahitaji ushahidi wenye nguvu sawa, yanafungwa nyuma ya yale ya kwanza kama mabehewa nyuma ya treni. Lakini mwili wa binadamu baada ya kufa unatoa vitu vinavyofanana na digoksini, na kipimo cha kawaida hakitofautishi. Maabara moja ya Strasbourg, Ufaransa, yenye kipimo kizuri zaidi, ilipata kiasi kidogo kuliko kile kilichotajwa. Jibu hilo halikuwafikia waamuzi wa rufaa kwa wakati.

Aliyeanza kuuliza maswali kwa nguvu hakuwa avoka wala mwandishi wa magazeti. Alikuwa mama, tena mganga, Metta de Noo, wifi yake na mkuu wa waganga wa watoto katika ile hospitali iliyomshtaki Lucia. Wamama, mnajua maana ya kupingana na wifi hadharani! Sijui kama mimi ningeweza. Alisoma faili za ugonjwa za wale watoto, akaona kwamba maelezo hayakukaa sawa, akamwita kaka yake Ton Derksen, profesa wa falsafa, ambaye mwaka 2006 alitoa kitabu kinachofuata kesi hatua kwa hatua. Watu walimcheka kwanza. Baadaye wakaanza kusoma.

Mwaka huohuo wa 2006, siku chache baada ya mahakama kuu kutoa uamuzi mwingine ambao haukumpa uhuru, Lucia alipatwa na kiharusi gerezani. Kilimwacha na shida ya kusema na ya kutumia upande mmoja wa mwili. Aprili 2008 aliachiliwa kwa muda ili faili lichunguzwe upya. Oktoba 2008 mahakama kuu ilikubali kesi ifunguliwe tena. Wataalamu wapya walisema yule mtoto angeweza kuwa amekufa kwa ugonjwa wake tu. Machi 2010 waendesha mashtaka wenyewe waliomba asipewe hatia, na tarehe 14 Aprili 2010 mahakama ya Arnhem ikatamka kwamba hana kosa. Miaka sita na zaidi alikuwa amekaa gerezani.

Mama aliyefiwa aliniuliza Jumanne: na wazazi wa wale watoto? Ni swali la haki. Wazazi hao waliambiwa kwanza mtoto wenu amekufa kwa ugonjwa, kisha wakaambiwa ameuawa, na baada ya miaka tisa wakaambiwa hapana, hakuuawa. Walizika mara tatu. Kosa la mahakama halikumwumiza Lucia peke yake.

Hesabu mbaya kama ile ilimwangukia hata mama mzazi, huko Uingereza. Sally Clark alikuwa mwanasheria aliyefiwa na watoto wake wawili wa kiume, mmoja baada ya mwingine, wote wangali wachanga. Mwaka 1999 alihukumiwa kwamba aliwaua. Daktari mkubwa wa watoto, Roy Meadow, aliieleza mahakama kwamba katika familia kama yake mtoto mmoja kufa ghafla usingizini ni 1 kwa 8,543, basi wawili ni namba hiyo mara namba hiyo, yaani 1 kwa milioni 73. Lakini watoto wa tumbo moja, damu moja, nyumba moja, si watu wawili waliookotwa njiani. Kama kuna udhaifu uliomchukua wa kwanza, wa pili naye yuko karibu nao. Mama yeyote anayejua nyumba zenye ugonjwa wa selimundu, ule wa SS, angemwambia daktari yule bila kusoma chuo. Chama cha wataalamu wa takwimu cha Uingereza kilipinga hesabu hiyo waziwazi mwaka 2001, na ikajulikana pia kwamba majibu ya maabara juu ya vijidudu katika mwili wa mtoto wa pili hayakuonyeshwa kwa avoka wake. Aliachiliwa Januari 2003. Hakupona moyoni, alikufa mwaka 2007 kwa pombe.

Msifikiri sasa nasema kwamba wauguzi hawaui. Kule Ujerumani kulikuwa na muuguzi anayeitwa Niels Högel, aliyewachoma wagonjwa dawa za kusimamisha moyo ili aonekane shujaa wa kuwafufua. Mwaka 2019 alihukumiwa kwa kuua watu 85. Wenzake katika hospitali ya kwanza, Oldenburg, walikuwa wamemtilia mashaka, lakini wakubwa walimpa barua nzuri ya sifa ili aende kwingine, na huko kwingine akaendelea. Mwaka 2005 muuguzi mwenzake alimkuta katika tendo lenyewe. Baadaye makaburi yalifunguliwa na dawa zikapatikana katika miili. Kwa hiyo kunyamaza nako kunaua. Tofauti ni kwamba kwa Högel kulikuwa na mkono ulioshikwa na dawa iliyopatikana, na nje ya hayo ndipo hesabu ya zamu ilipokuwa na maana.

Kuna kesi nyingine ambayo watu wa Uingereza wanagombana juu yake hadi leo. Lucy Letby, muuguzi wa watoto njiti katika hospitali ya Countess of Chester, alihukumiwa Agosti 2023 kwa kuua watoto 7 na kujaribu kuua wengine 6, na mwaka 2024 likaongezwa jaribio jingine moja. Atakaa gerezani maisha yake yote. Mahakamani ilionyeshwa karatasi yenye matukio 25 na majina ya wauguzi wote, na chini ya jina lake kulikuwa na alama kila mara. Mnaijua karatasi hiyo sasa, mmeiona kwa Lucia: yalipangwa matukio yaliyomo katika mashtaka tu. Februari 2025 wataalamu 14 wakiongozwa na Shoo Lee, daktari wa watoto wachanga kutoka Kanada, walisema kwamba wamepitia faili na hawakuona mauaji, bali ugonjwa na huduma mbaya. Waendesha mashtaka wanajibu kwamba ushahidi ulikuwa mwingi na wazee wa baraza waliusikia kwa miezi mingi. Wazazi wanaomba waachwe walie kwa amani. Mahakama ya rufaa ilikataa maombi yake mwaka 2024, na avoka wake wamepeleka faili kwa tume inayochunguza hukumu zenye mashaka. Mimi sina la kuamua katika kesi hiyo. Najua tu kwamba ile karatasi ya alama, peke yake, isingenitosha.

Turudi kwetu. Tulikubaliana Jumanne kwamba hakuna mtu anayekwenda nyumbani kwa yule muuguzi, na kwamba kila mama awaambie vijana wake hivyo jioni ileile. Tuliwachagua watatu, pamoja na mama aliyefiwa, waende kituoni kumwomba muuguzi mkuu daftari la zamu na daftari la vifo. Niliwaomba wasiandike usiku ambao alikuwapo tu. Waandike na usiku ambao hakuwapo.

Walikwenda Alhamisi. Daftari la zamu linaonyesha kwamba tangu mvua zianze yule muuguzi amefanya kazi usiku tano kati ya saba, kila wiki. Wenzake wawili wameacha kuja usiku kwa sababu hawajalipwa prime. Basi kati ya vifo vitano, vinne kumkuta yeye ndicho ambacho hesabu ingetarajia, hata angekuwa malaika.

Mama aliyefiwa alisoma karatasi ile mara mbili, akaikunja. "Sawa," akasema. "Lakini watoto bado ni watano. Mwaka jana walikuwa wangapi?"

Ukurasa wa mwaka jana haukupatikana. Muuguzi mkuu amesema uko kwenye ofisi ya zone ya afya, na ameahidi kuuleta kwenye kikao cha kamati ya afya, ile CODESA, Alhamisi ijayo saa mbili asubuhi katika ukumbi wa parokia. Ataulizwa pia kuhusu betri ya taa ya maternite, ambayo wajawazito wanasema imezimika tangu Novemba, na kuhusu muuguzi mmoja kubeba usiku tano. Yule muuguzi mwenyewe amealikwa, na amekubali kuja. Kila aliyejifungulia pale tangu Septemba alete fishi yake, mtoto akiwa hai au la.